Sura ya Saba: Mbona Tarime Haina Mtaa wa Vitabu?

Uliza Tarime mjini wapi zinauzwa spea za pikipiki, utaonyeshwa mtaa. Uliza nguo za mtumba, utaelekezwa upande wa sokoni. Sasa uliza riwaya. Utaambiwa ujaribu steshenari, na ukifika huko, salamu hazijaisha, muuzaji atakuuliza: “Ya kidato cha ngapi?”

Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, hali ni hiyohiyo. Ndiyo maana walimu, wazazi na vijana wa huku hawaachi kuuliza: mbona Dar es Salaam kuna mtaa ambao mtu anaweza kushinda akipekua vitabu, Nairobi nako ipo mitaa ya namna hiyo, na huku kwetu hakuna? Jibu linalotolewa haraka ni lile la kujidharau, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Tunalisikia kwenye semina, redioni, hata vinywani mwa walimu wenyewe.

Sura hii inalikataa jibu hilo. Mkoa wa Mara umetoa waandishi. Umetoa wasomaji. Umetoa hata mchapishaji ambaye wanafunzi wa sekondari nchi nzima wanalijua jina lake. Kilichokosekana ni mahali pa kuwakutanisha watu hao, na mahali hapo pana kanuni zake. Tuanze na kanuni, kisha tutazame palipofanikiwa, halafu turudi Tarime na Mugumu.

Mtaa wa vitabu ni nini hasa?

Mtaa wa vitabu ni mahali ambapo wauzaji kadhaa wa vitabu wamejibanza karibu karibu, kiasi kwamba mnunuzi asiyepata kitu kwa huyu anavuka barabara na kukitafuta kwa yule. Si lazima yawe maduka ya vioo. Turubai lililotandikwa kando ya njia nalo linahesabika.

Kwa nini washindani wakae pamoja? Mfugaji wa Mara hahitaji kuelezwa. Ng'ombe mmoja unaweza kumuuzia jirani yako zizini, lakini unamswaga kilomita nyingi kumpeleka mnadani kwa sababu huko ndiko wanunuzi waliko, na wanunuzi wako huko kwa sababu wanajua ng'ombe watakuwepo. Kila mmoja anamfuata mwenzake. Vitabu navyo vina mnada wao, na mnada ukishashika mizizi ni vigumu kuuhamisha.

Tazama mitaa iliyopata sifa duniani. College Street ya Kolkata, India, ilikua jirani na chuo kilichoanzishwa mwaka 1817. Mtaa wa Jimbocho wa Tokyo ulikua karibu na vyuo vya sheria. Mtaa wa al-Mutanabbi wa Baghdad, uliopewa jina la mshairi wa karne ya 10, ulikusanya wauza vitabu, wapiga chapa na mkahawa wa waandishi mahali pamoja. Machi 2007 bomu liliuharibu vibaya, na wauzaji wakarudi palepale. Walijua wateja wao wangewatafuta hapo na si kwingine.

Ukiipanga mitaa hiyo yote mstari mmoja, utaona inashiriki mambo manne:

- Mchapishaji karibu. Mchapishaji ni yule anayeamua muswada upi uwe kitabu na kugharamia kazi hiyo. Mpiga chapa ni mwenye mashine. Watu wengi huwachanganya.
- Wanunuzi wa kila siku: wanafunzi wa vyuo, watumishi wa ofisini, wageni.
- Mlango wa kupokelea vitabu kutoka mbali: bandari, reli, posta.
- Sababu ya kupitia hapo hata siku ambayo huna mpango wa kununua kitabu.

Jambo la nne ndilo linalosahauliwa sana. Vitabu vingi hununuliwa na watu waliokuwa wanapita tu.

Samora: mtaa uliopata yote manne

Kwa Tanzania, mtaa unaokaribia zaidi sifa hizo ni Samora, katikati ya Dar es Salaam. Umebadilishwa majina kadiri watawala walivyobadilika. Wajerumani waliuita kwa jina la miti ya migunga, Waingereza wakauita Acacia Avenue, baada ya uhuru ukawa Independence Avenue, na baadaye ukapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji.

Ukianzia Mnara wa Saa na kwenda upande wa baharini, utafika kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi mashuhuri wa himaya ya Uingereza. Endelea mbele, na karibu na Makumbusho ya Taifa utakuta mtaa wenye jina la Shaaban Robert, mtunzi aliyezaliwa Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Hivyo kwa mwendo wa dakika chache unatoka kwa mshairi wa waliotawala na kufika kwa mshairi wa waliotawaliwa.

Lakini majina kwenye mawe na vibao hayauzi vitabu. Kilichoufanya Samora uwe mtaa wa vitabu ni shughuli. Mwaka 1966 ilianzishwa Tanzania Publishing House, maarufu kama TPH, kwa ubia wa shirika la umma na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1972 iliongozwa na Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara. Mwaka huohuo TPH ilishirikiana na mchapishaji mdogo wa London kutoa kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa. Rodney, mzaliwa wa Guyana, alikuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu kilichoandikwa Mlimani, yaani chuoni hapo, kilipata mchapishaji mjini na kikasomwa duniani kote.

Siku hizo vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zao mjini Dar es Salaam. FRELIMO ya Msumbiji, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilikuwa na ofisi Mtaa wa Nkrumah, unaoanzia palepale Mnara wa Saa. Watu waliokimbia nchi zao walikuwa wasomaji wenye kiu, na baadhi walikuwa waandishi: TPH ilichapisha mashairi ya Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa Angola. Adui zao nao walijua kwamba hawa ni watu wa vitabu. Februari 3, 1969, kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Aliyekuja kushika uongozi baada yake ndiye huyo Samora ambaye mtaa una jina lake.

Bgoya aliondoka TPH na mwaka 1991 akaanzisha kampuni ya Mkuki na Nyota, ambayo imekuwa ikiendesha duka la TPH, Samora namba 24. Ni kampuni hiyohiyo iliyotoa mwaka 2022 Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyeshinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Nje ya maduka, vitabu vilivyokwishasomwa vimekuwa vikipangwa chini kwenye njia za waenda kwa miguu, mgongo juu ili mpita njia asome jina bila kuinama sana. Humo kamusi iliyochoka inakaa ubavuni mwa riwaya ya Kiingereza na kitabu cha uhasibu cha miaka 20 iliyopita, na bei ni maelewano.

Kwa ufupi mpaka hapa: Samora haukutangazwa na mtu yeyote kuwa mtaa wa vitabu. Ulikuwa na mchapishaji, bandari na posta hatua chache, chuo kikuu katika jiji hilohilo, ofisi za serikali na wageni waliokuja kutafuta uhuru. Vitabu vilifuata watu.

Waandishi wa Ziwa walipitia huko

Sasa tujiulize: upande wa Ziwa hapakuwa na waandishi? Walikuwepo, tena wakubwa.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata mchapishaji wa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na TPH ikaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Ukerewe hiyohiyo ikamtoa Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 na kuzua ubishi mkubwa shuleni.

Mkoani Mara kwenyewe, Julius Nyerere wa Butiama alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akairekebisha na ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, sambamba na Mabepari wa Venisi. Zilichapishwa na Oxford University Press. Kwa Wakuria, kitabu cha G. N. Chacha, Historia ya Abakuria na Sheria Zao, kilitoka mwaka 1963. Upande wa pili wa mpaka, Mkuria wa Kenya Chacha Nyaigotti-Chacha aliandika tamthilia za Kiswahili, ikiwemo Mke Mwenza.

Halafu kuna Nyambari Nyangwine. Waliosoma sekondari Tanzania katika miongo ya karibuni wengi wamewahi kushika kitabu chenye jina lake: vitabu vya kujisomea vya historia, fasihi na masomo mengine, vinavyoazimwa mpaka majalada yanabanduka. Huyu ndiye aliyekuwa mbunge wa Tarime kuanzia 2010 hadi 2015. Biashara yake ya uchapishaji aliijenga Dar es Salaam. Ikiwa mtu wa Tarime mwenye jina kwenye majalada nchi nzima aliona soko la vitabu liko Samora na Kariakoo, tusishangae mwenye steshenari wa Tarime kuona vivyo hivyo.

Kuna mfano wa upande wa Serengeti unaoumiza zaidi. Wazee wa Ikizu, Nata, Ikoma na Ngoreme waliandika historia za watu wao, wengine kwenye madaftari ya shule: koo zilitoka wapi, nani alihamia wapi, njaa na vita vilipita lini. Mwanahistoria Mmarekani Jan Bender Shetler alishirikiana nao, na maandishi hayo yakachapishwa mwaka 2003, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Yalichapishwa wapi? Leiden, Uholanzi, kwa bei ya maktaba za vyuo vikuu vya Ulaya. Mjukuu wa mwandishi aliyeko Mugumu angelazimika kuagiza Ulaya ili asome alichoandika babu yake.

Hata jina la Serengeti lenyewe lilienezwa na kitabu kilichoandikwa kwa lugha ya mbali. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu kuhusu hifadhi hiyo, na filamu ikapata Tuzo ya Oscar. Mtalii anafika lango la Ikoma akiwa amesoma kuhusu nyumbu. Habari za watu walioishi hapo kabla ya mipaka ya hifadhi hajazisoma, na akizitaka Mugumu hapati pa kuzinunua.

Nairobi ilikuwa karibu zaidi

Tumezoea kuiona Dar es Salaam kama kitovu cha kila kitu. Kwa msomaji wa Tarime ramani inasema vingine. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,300. Nairobi, kwa kupitia mpaka wa Sirari na Isebania, ni karibu kilomita 400. Mtaa wa vitabu uliokuwa jirani na Tarime ulikuwa wa Nairobi.

Na kwa miaka mingi njia hiyo ilifanya kazi. Mwaka 1948 serikali za kikoloni zilianzisha East African Literature Bureau, ofisi ya pamoja ya kuchapisha na kueneza vitabu Kenya, Uganda na Tanganyika, yenye makao Nairobi. Ilitoa vitabu vya Kiswahili na vya lugha za makabila kwa bei nafuu. Vilevile iliendesha maktaba za masanduku, yaani sanduku la vitabu lililopelekwa sehemu isiyo na maktaba, likakaa kwa muda, kisha likabadilishwa na jingine. Kitabu cha Chacha kuhusu Abakuria kilichapishwa na ofisi hiyo, na Rosa Mistika vilevile. Mkuria wa Tarime na Mkuria wa Kenya waliweza kusoma kitabu kimoja kilichotoka ofisi moja.

Mwaka 1977 mlango ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Literature Bureau, iliyokuwa chombo cha Jumuiya, ikafa nayo. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, ukaja kufunguliwa mwishoni mwa mwaka 1983. Kwa karibu miaka saba Sirari haikuwa njia halali ya kupitishia bidhaa, vitabu vikiwemo. Magendo yaliendelea, kama kila mwenyeji wa mpakani anavyojua, lakini mtu wa magendo hubeba kinachouzika usiku huohuo. Habebi riwaya.

Mpaka ulipofunguliwa, nchi hizi mbili zilikuwa na mitaala tofauti, vitabu tofauti vya shule na sarafu zisizolingana. Tarime ilikuwa imeshageuzwa iitazame Dar es Salaam, bila ya Dar es Salaam kusogea hata hatua moja.

Wasomaji walitengenezwa, maduka yakasahauliwa

Jambo la kushangaza ni kwamba miaka hiyohiyo ndiyo Mara ilikuwa ikizalisha wasomaji kwa wingi. Kati ya 1968 na 1972, mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo. Kisomo maana yake ni mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa waliokosa shule utotoni. Mkulima alijifunza herufi kupitia maneno ya kazi yake: pamba, mbolea, mzani. Mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la vijijini la Kanda ya Ziwa, Elimu Haina Mwisho, ili waliojua kusoma wasisahau.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma: kila mtoto wa umri wa shule aanze darasa la kwanza ifikapo Novemba 1977. Tanzania nzima inalikumbuka azimio hilo kwa jina la mji mkuu wa mkoa wetu.

Serikali ilitengeneza wasomaji, na kitabu nacho kilikuwa mali ya serikali. Shirika la Tanzania Elimu Supplies lilisambaza vitabu na vifaa mashuleni. Mfumo huo ulifikisha kitabu darasani, lakini haukuhitaji duka. Mtoto alikipokea kitabu mkononi mwa mwalimu na kukirudisha mkononi mwa mwalimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya vitabu vya shule iliachiwa kampuni binafsi, na steshenari zikaanza kuchipua. Katikati ya miaka ya 2010 kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, yaani vile vikuu vya kufundishia, ikarudishwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, na shule za umma zikawa zinapelekewa moja kwa moja.

Uamuzi huo una sababu zake, hasa kulinda ubora. Ila kwa mwenye duka una gharama. Karibu kila mahali duniani vitabu vya shule ndivyo vinavyolipa pango la duka, na faida yake humwezesha mwenye duka kuweka riwaya isiyotoka haraka. Ukiondoa mnunuzi wa uhakika, rafu ya riwaya ndiyo ya kwanza kufa. Ndiyo maana katika miji mingi ya mikoani duka la vitabu linalodumu ni la kanisa: lina wanunuzi wa uhakika wa Biblia na vitabu vya nyimbo.

Fuata kitabu kimoja mpaka Tarime

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme riwaya ina bei ya shilingi 15,000, na mchapishaji wa Dar es Salaam anampa muuzaji punguzo la asilimia 30. Mwenye steshenari wa Tarime atalipa 10,500 kwa nakala. Akichukua nakala 10 ni shilingi 105,000. Ongeza 10,000 ya kusafirisha mzigo kwa basi: ametoa 115,000. Muhula mzima akauza nakala nne, atakuwa amepata 60,000. Zimebaki nakala sita kwenye rafu na shilingi 55,000 ambazo bado hazijarudi.

Pesa hizohizo angezitia kwenye kauntabuku na kalamu mwezi Januari, zingezunguka mara kadhaa kabla ya Machi. Kwa hiyo anapokuuliza “ya kidato cha ngapi”, usimwone mtu asiyependa fasihi. Anatafuta kujua kama kitabu unachotaka ni kitabu teule, yaani kilichopangwa kwa mtihani, maana hicho kitauzika hata usipokinunua wewe. Ndiyo sababu Takadini, Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe na Watoto wa Mama N'tilie vilipata nafasi kwenye rafu zilizowanyima nafasi waandishi wengine wote.

Samora hali ni tofauti kwa sababu moja kubwa: mali kauli. Huo ni utaratibu wa kuchukua bidhaa kwa ahadi ya mdomo, ukauza, kisha ukalipa, na kisichouzika ukakirudisha. Muuzaji wa Samora anatembea kwa miguu mpaka kwa mchapishaji, wanajuana kwa sura, na nakala zilizododa anazirudisha jioni. Nani atampa mali kauli mtu wa Mugumu ambaye hajawahi kumwona? Umbali huongeza nauli, na zaidi ya nauli unaua uaminifu.

Kwa ufupi mpaka hapa: kikwazo cha Tarime na Mugumu si akili za watu. Ni mtaji unaolala, mchapishaji aliye mbali, mnunuzi wa uhakika aliyeondolewa dukani, na mpaka uliokata njia fupi.

Steshenari ndiyo mbegu tuliyo nayo

Tuingie sasa ndani ya steshenari ya kawaida, Tarime au Mugumu. Mbele kuna kaunta yenye kioo, ndani yake kalamu, mikebe ya hesabati na bahasha za kaki. Nyuma ya muuzaji zimepangwa rimu za karatasi na kauntabuku za kwaya mbili, tatu na nne. Mashine ya kutoa kopi inanguruma pembeni, na hapohapo anapigwa mtu picha ya pasipoti. Ukutani imening'inizwa ramani ya Tanzania na chati ya viungo vya mwili. Vitabu viko rafu ya juu kabisa, vimevaa vumbi, baadhi vikiwa ndani ya nailoni.

“Shikamoo mama. Hakuna hadithi za watoto?”

“Marahaba mwanangu. Zipo mbili tatu hapo juu. Ngoja nimwite kijana akuteremshie, mimi ngazi siiwezi.”

Kitabu kinachohitaji ngazi hakiuziki. Mpita njia hakioni, mtoto hakigusi, na mwenye duka mwenyewe amekisahau. Hapa ndipo mabadiliko yasiyohitaji wizara yanapoweza kuanza. Mambo haya yako ndani ya uwezo wa watu wa wilaya hizi mbili:

- Teremsha vitabu. Rafu moja ya kiunoni, karibu na mashine ya kopi, ambako watu husimama wakisubiri.
- Agizeni pamoja. Steshenari tano za mji mmoja zikiagiza kwa mchapishaji kwa jina moja na mdhamini mmoja, zinaweza kuomba mali kauli ambayo duka moja lingenyimwa. Mzigo mmoja wa basi utagawanywa kwa watano.
- Nunueni na kuuza vilivyotumika. Kila Januari nyumba nyingi zinabaki na vitabu vya mwaka uliopita. Kitabu kilichotumika hakina deni la mchapishaji, na Samora ilijengwa kwa hivyo kama ilivyojengwa kwa vipya.
- Anzeni na vya nyumbani. Historia za Abakuria, Ikoma, Nata, Ngoreme na Ikizu zina wanunuzi hapa kuliko mahali popote duniani, wakiwemo wageni wanaolala Mugumu wakielekea hifadhini. Kijitabu cha kurasa 60 kinaweza kupigwa chapa Mwanza au Musoma, kwa ridhaa ya walioandika au warithi wao.
- Tumieni njia ya Sirari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilirudi rasmi mwaka 2000. Vitabu vya Kiswahili vya Kenya, visivyo vya mtaala, vinauzika Tarime bila tafsiri.
- Pangeni siku. Jumamosi moja ya mwezi, mahali pamoja panapojulikana, steshenari zote zilete vitabu vyake, wanafunzi walete vilivyotumika, na mwandishi mwenye nakala zake mwenyewe aje nazo.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Duka moja la riwaya Tarime lingefungwa ndani ya mwaka, kwa hesabu tuliyokwisha kuiona. Siku ya vitabu haina pango la mwezi wala haihitaji mtaji wa kila siku. Inampa mnunuzi uhakika kwamba vitabu vitakuwepo, na inampa muuzaji uhakika kwamba mnunuzi atakuwepo. Siku hiyo ikishazoeleka, mwenye steshenari atajua ni vitabu gani hugombewa, na hapo ndipo atakapokuwa na sababu ya kibiashara ya kuviweka dukani mwezi mzima.

Muhtasari wa sura

- Mtaa wa vitabu huzaliwa pale mchapishaji, mnunuzi, njia ya mizigo na wapita njia wanapokutana. Mapenzi ya kusoma peke yake hayautengenezi.
- Samora ulipata yote hayo, na harakati za ukombozi zikaupa waandishi na wasomaji wa ziada.
- Mikoa ya Ziwa ilitoa Kitereza, Kezilahabi, Nyerere na Nyangwine, lakini wachapishaji wa vitabu vyao walikuwa Dar es Salaam na Nairobi.
- Mwaka 1977 Tarime ilipoteza njia yake fupi ya vitabu, ile ya Nairobi, wakati uleule Azimio la Musoma lilipokuwa likijaza madarasa.
- Mwenye steshenari anakataa riwaya kwa sababu ya mtaji unaolala. Punguza hatari yake kwa kuagiza pamoja, mali kauli, vitabu vilivyotumika na siku maalumu, naye atanunua.